Ushabiki na Wajibu wa Kuhakikisha Habari



Maudhui yetu ya leo yaweza kuonekana mepesi kwa siku ya Ijumaa, kwani yahusu sinema. Lakini si sinema yenyewe tunayokusudia kuizungumza, bali ni tabia iliyozuka miongoni mwa wanaozipenda na wanaozichukia: tabia ya kuukataa ukweli uliokwisha kuthibiti, na kuueneza uongo usio na asili. Vijana wetu hawako mbali na jambo hili. Neno lililotungwa usiku huko Marekani humfikia kijana wa Mombasa au Unguja kabla hajanywa chai ya asubuhi.

Sinema hizo ni hadithi za kubuni za majabari wenye nguvu zisizo za kawaida, wanaoruka angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Nyingi zimetokana na vitabu vya picha vya kampuni mbili za Marekani, Marvel na DC, na kila kampuni ina mashabiki wake wanaotambiana kama mashabiki wa mpira. Hadi hapo hapana ubaya mkubwa.

Mwezi wa Februari 2018 ilitolewa sinema ya Marvel iitwayo Black Panther, yenye waigizaji weusi katika sehemu zake kuu, ikisimulia habari za nchi ya Kiafrika ya kubuni. Afrika Mashariki iliipokea kwa fahari, kwa kuwa Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wakuu, na mji wa Kisumu ulipata kuitazama mapema. Huko Marekani haikupita siku mbili ila watu walianza kuandika katika mitandao kwamba wao au jamaa zao wamepigwa na watu weusi kwenye majumba ya sinema, ati kwa sababu tu ni wazungu. Waliambatanisha picha za nyuso zilizovimba na vitambaa vyenye damu.

Waandishi wa habari walipozifuatilia picha zile, waliona kuwa zilikuwa za watu walioumia mahali pengine na kwa mambo mengine. Mojawapo ilikuwa ya mwanamke aliyeshambuliwa nchini Uswidi, ambaye hakuhusika hata kidogo na sinema hiyo.

Tazameni jinsi uongo huu ulivyosukwa. Picha ni ya kweli, na damu ni ya kweli. Kilichobadilishwa ni maelezo tu. Mwenye kuona damu huingiwa na huzuni kabla ya kuuliza, na akishahuzunika hutuma. Aliyewachukia watu weusi aliituma kwa kuwa ilimthibitishia chuki yake, na aliyeipenda sinema aliituma ili kuikebehi. Wote wawili wakaipeleka mbele.

Mwaka huohuo wa 2018 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizoenea katika mtandao wa Twitter baina ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kuwa uwezekano wa habari ya uongo kurudiwa na watu ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Wala haikuwa kazi ya mitambo, kwani mitambo ilieneza kweli na uongo kwa kadiri moja. Ni binadamu, kwa hiari yake, aliyeuchagua uongo, maana uongo huwa na upya ambao kweli haina.

Tena mapenzi nayo hupofusha kama chuki. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mpira wa Kimarekani, mchezo ukawa wa fujo, na nyota wa Princeton akavunjika pua. Wachunguzi wawili, Hastorf na Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mchezo huo na kuwataka wahesabu makosa. Filamu ilikuwa moja. Hata hivyo, wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wana-Dartmouth wenyewe. Hapana aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alisema alichokiona.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mashabiki wa DC mwaka 2016, wahakiki walipoibeza sinema ya Suicide Squad. Maelfu walitia saini ombi la kutaka Rotten Tomatoes ifungwe. Nayo Rotten Tomatoes haihukumu sinema; hukusanya maoni ya wahakiki na kutaja ni wangapi katika mia waliosifu. Kumlaumu mwenye kuhesabu ni kama kuvunja mizani kwa sababu sukari imepungua. Wengine walidai wahakiki wamehongwa na Marvel, ilhali kampuni ya Warner, yenyewe iliyotengeneza Suicide Squad, ilikuwa na hisa katika Rotten Tomatoes.

Yatupasa kuwa waadilifu. Si kila shaka ya shabiki ni ukaidi. Waliodai kuwa mwongozaji Zack Snyder alikuwa na sinema yake ya Justice League, tofauti na ile iliyotolewa mwaka 2017, walikuwa na msingi, na mwaka 2021 ilitolewa, ikiwa ya saa nne. Katika kampeni yao walichangisha pia zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya kuzuia watu kujiua. Lakini mwaka 2022 jarida la Rolling Stone lilieleza juu ya ripoti zilizoagizwa na kampuni yenye sinema hiyo: si chini ya asilimia 13 ya akaunti zilizoshiriki mazungumzo hayo zilihesabiwa kuwa za bandia. Dai lenye haki likavishwa umati usiokuwepo.

Wanazuoni wetu wa hadithi waliijua hatari hii zamani. Hawakuridhika na uzuri wa maneno. Waliuliza nani kasema, kasikia kwa nani, je, walikutana, na je, msemaji ajulikana kwa ukweli na hifadhi njema? Mnyororo ukikatika mahali pamoja, habari ilihesabiwa dhaifu, hata kama moyo uliipenda. Picha ya yule mwanamke wa Uswidi isingelipita swali la kwanza.

Na aliyeigiza mfalme katika Black Panther, Chadwick Boseman, alionekana katika ukanda aliousambaza mwezi wa Aprili 2020 akiwa amekonda sana. Watu wasiomjua wakakisia sababu, na wengine wakamfanyia mzaha, hata akauondoa. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo akiwa na umri wa miaka 43. Hapo ndipo jamaa zake walipotangaza kuwa tangu mwaka 2016 alikuwa na saratani ya utumbo mpana, na kwamba sinema kadhaa alizicheza baina ya upasuaji na matibabu.