Sufuria Moja, Watu Wawili

Tuchukue mke na mume wa Njiro, Arusha. Mke amejiunga na programu ya kupunguza uzito kwa simu: asubuhi anaingiza kilo zake, jioni anatuma picha ya sahani kwenye kundi la WhatsApp. Mume hajajiunga. Akitoka kazini hupitia chipsi mayai, na nyumbani huingia na soda. Nani atamvuta mwenzake?

Mwaka 2018, Amy Gorin wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa jozi 130 za wapenzi wanaoishi pamoja. Katika kila jozi, mmoja tu alisaidiwa kupunguza uzito. Baada ya miezi 6, takribani theluthi ya wenzao, ambao hawakupewa huduma yoyote, walikuwa wamepungua asilimia 3 au zaidi ya uzito wao.

Siri kubwa iko jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120. Anayekaanga mboga kwa vijiko viwili badala ya vinne amewapunguzia wote wawili, hata yule asiyejua kwamba kuna programu. Ndiyo maana mpishi asipohusishwa, simu haina la kufanya.

Na simu yenyewe ina upungufu wake. Programu nyingi zimetengenezwa ughaibuni; vyakula vya kwetu kama loshoro na mtori hazivijui. Ni heri kupima kwa mkono: ugali usizidi ngumi, nyama isizidi kiganja, mboga za majani zijaze nusu ya sahani.

Kuna jambo linalowavunja moyo wanawake wengi: mume hupungua haraka zaidi. Kwa kawaida ana misuli mingi, hivyo mwili wake huunguza nishati nyingi hata akiwa amekaa. Washindane kwa asilimia, si kwa kilo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliwawekea watu waliokaribia kupata kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki; hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 6 na ushei. Dakika nazo zinapatikana bila kulipia gym: kupanda kwa miguu kuelekea Ilboru, Mlima Meru ukiwa mbele, kunatosha kumtoa mtu jasho.

Anayetumia insulini amwone daktari kwanza. Dozi ileile kwa chakula kilichopunguzwa huweza kushusha sukari kupita kiasi, na usiku anayeamka akamkuta mgonjwa anatetemeka, amelowa jasho, ni yule aliyelala ubavuni mwake.