Ngome ya Scotland Ndani ya Kompyuta

Miamba mikubwa ya matale ni sifa ya mwambao wa Musoma. Mwanafunzi wa Makoko atembeapo kando ya Ziwa Victoria anafahamu kwamba mwamba ukiwa mbele yake, mtumbwi ulio nyuma ya mwamba huo hauonekani. Jicho halihitaji kufundishwa jambo hilo. Kompyuta haina jicho; sharti ipewe hesabu ya kupambanua kinachoonekana na kilichofichika. Hesabu hiyo imewawezesha wapenzi wa michezo ya kompyuta kujijengea hata ngome za kale za Scotland.

Uwanja hutungwaje?

Mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa kupiga risasi uitwao Doom, ambamo mchezaji huyaona mambo kwa macho ya mpiganaji mwenyewe. Programu iliyoendesha mchezo ilitengwa na mafaili yenye ramani, picha na sauti. Kwa hiyo mtu yeyote aliweza kutunga uwanja wake bila kuigusa programu.

Tuchukue mfano wa ngome ya Caerlaverock, iliyojengwa kusini mwa Scotland katika karne ya 13, na kuzingirwa na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1300. Umbo lake ni pembetatu, nayo imezungukwa na handaki la maji. Mtungaji huanza kwa nukta. Kila nukta ina namba mbili zinazoonyesha mahali ilipo kwenye ramani. Nukta huunganishwa kwa mistari, na mistari ndiyo kuta. Kila eneo lililozungushiwa mistari hupewa kimo cha sakafu na kimo cha dari.

Hapa ipo shida. Katika Doom, eneo moja lina sakafu moja na dari moja tu. Chumba hakiwezi kukaa juu ya chumba kingine. Mnara wa ghorofa nyingi ulihitaji hila. Kizuizi hicho kiliondolewa katika mchezo wa Quake wa mwaka 1996, uliotoka kampuni ile ile.

Mti wa maswali

Kuchora kuta zote kila mara kungeichosha kompyuta. John Carmack, mtaalamu wa programu ya Doom, alitumia njia iliyoelezwa na Fuchs, Kedem na Naylor mwaka 1980. Ramani hugawanywa pande mbili kwa mstari, kila upande hugawanywa tena, hadi vibakie vipande vidogo. Mchezo unapoendelea, kompyuta hujiuliza: mchezaji yuko upande gani wa mstari huu? Mgawanyo ukiwa sawasawa, maswali 10 yanatosha kumpata mchezaji katika vipande 1,024, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 10 huzaa 1,024.

Kisha kuta za karibu huchorwa kwanza. Kioo kikishajaa, kazi husimama. Ndiyo maana kuta nene za ngome humsaidia mtungaji: kama miamba ya Musoma, huficha mengi.

Manufaa kwa shule zetu

Doom ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 tu, na matini ya programu yake yalitolewa kwa umma mwaka 1997. Kompyuta kuukuu ya shule yaweza kuiendesha. Wala si lazima uwanja uwe wa vita. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14, ina bwawa la pembe nane. Wageni wameipima Caerlaverock yao na kuitembelea kwa kompyuta. Kijana wa Kitanzania akijua jiometri ya kidato cha pili anao uwezo wa kuyafanyia hayo magofu ya kwetu, kabla bahari na mvua hazijayamaliza.

Zoezi

Chora ramani ya darasa lako kwenye karatasi ya miraba. Andika namba mbili za kila kona. Simama mlangoni, kisha taja kuta zinazoonekana na zilizofichika. Hapo utakuwa umeifanya kazi ya kompyuta.