Shanta la Mhujaji katika Njia ya Mtakatifu Yakobo

Katika karne ya 12, wakati ziara ya kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, upande wa kaskazini-magharibi wa Hispania, ilipokuwa imeshamiri katika nchi za Ulaya, kilitungwa kwa Kilatini kitabu kiitwacho Codex Calixtinus, ambacho ndani yake mna hotuba inayofafanua maana ya mkoba wa mhujaji. Mkoba huo ni mwembamba, kwa kuwa mwenye kuubeba amemtegemea Mungu na masurufu yake ni haba. Ni wa ngozi ya mnyama aliyekufa, kwa kuwa mwenye kuubeba ameazimia kuzifisha tamaa za mwili wake. Na mdomo wake u wazi daima, haufungwi kwa kamba, kwa kuwa kilichomo ni haki ya maskini pia. Sijapata kusoma juu ya ufungaji wa mizigo maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na ingawa mahujaji wa leo huvaa shanta la nailoni, naamini kwamba atakayeyatia moyoni atafunga vizuri kuliko afuataye nasaha za wenye maduka.

Njia iliyo mashuhuri kupita zote, iitwayo Njia ya Kifaransa, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees, na urefu wake ni kilomita zipatazo 780, ambazo mtu wa wastani huzimaliza kwa muda wa wiki tano hivi. Siku ya kwanza yenyewe msafiri hupanda kutoka kimo cha mita 170 hadi zaidi ya mita 1,400 kabla hajateremkia Roncesvalles, na katika mwinuko huo kila kitu kilichotiwa shantani kwa hofu ya labda kitahitajika hudai malipo yake kwa mabega, magoti na nyayo. Ndiyo maana wazoefu wamekubaliana kwamba mzigo wote usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwenye kuubeba. Basi mwenye kilo 60 abebe kilo 6, akikumbuka kwamba lita moja tu ya maji imekwisha kuchukua kilo moja.

Hesabu hiyo yaanza na shanta lenyewe, ambalo tupu lisizidi kilo moja. Nguo zitoshe mara mbili: zilizo mwilini na zitakazovaliwa jioni, wakati za mchana zimefuliwa na kuanikwa, nazo zisiwe za pamba, ambayo hunywa jasho na kuchelewa kukauka, bali za sufu nyembamba au za nyuzi za kiwandani. Mfuko mwepesi wa kulalia, joho la mvua, kwa maana jimbo la Galicia lina mvua nyingi, kofia ya kujikinga na jua la uwanda wa Meseta, ndara za jioni, sabuni, na dawa kidogo ya malengelenge: vikishapatikana hivi, vilivyobaki ni vichache mno. Viatu navyo viwe vyepesi, kwani uzito ulio mguuni huuchosha mwili mara kadhaa zaidi kuliko uzito ule ule ulio mgongoni.

Namna ya kupanga nayo ina hekima yake. Mfuko wa kulalia hukaa chini kabisa, vilivyo vizito huegemezwa karibu na uti wa mgongo, na ukanda wa kiunoni hukazwa juu ya mifupa ya nyonga, ili mzigo ubebwe na miguu na mabega yapumzike. Katika elimu ya kubeba, watu wa kwetu wamekwisha kuwatangulia wengi: mwaka 1986 jarida la Nature lilitangaza utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo wa Kenya, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, ambao waliweza kuchukua hata sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu.

Lakini wepesi wa shanta hautokani na ustadi wa mhujaji peke yake. Anaweza kuacha godoro, sufuria na akiba ya chakula kwa sababu njiani ziko nyumba za wageni zenye vitanda, majiko na mahali pa kufulia, ziko chemchemi vijijini, na wako watu ambao kwa karne nyingi wamefanya kumpokea mpita njia kuwa ibada. Katika baadhi ya nyumba hizo huwekwa sanduku ambamo aliyezidiwa huacha asichokihitaji na aliyepungukiwa hujitwalia, na hapo mkoba ulio wazi wa karne ya 12 ungali ukitumika.

Kuna kitu kimoja kisicho na manufaa yoyote kwa mwili, nacho ni jiwe ambalo mahujaji wengi hulichukua kutoka makwao ili waliweke chini ya msalaba wa chuma uitwao Cruz de Ferro, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi katika milima ya León. Jiwe hilo lihesabiwe katika ile sehemu ya kumi pamoja na vitu vingine, na likiizidisha, shati la tatu ndilo libaki nyumbani.