Mkono Garissa, Kazi Ng'ambo

Zamani kijana wa Garissa akitaka ajira ya maana, hupanda basi kwenda Nairobi ama huteremka Mombasa. Leo aweza kuketi kwao kando ya Mto Tana akaandika programu za kompyuta za tajiri aliye London, wala wasionane maishani.

Njia hiyo ilipanuka mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipopita chini ya bahari zikatua hapa kwetu Mombasa. Mwaka 2016 serikali nayo ikaanzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana kazi za mtandaoni.

Basi tajiri wa mbali hamjui mtu kwa ukoo wala kwa sura. Humpima kwa kazi alizokwisha kuzifanya, kwa barua fupi iliyo wazi, na kwa ahadi iliyotimizwa kwa siku yake. Kazi ndogo ikitoka safi huvuta kubwa. Na anayekudai fedha kwanza ndipo akupe kazi, huyo ni tapeli.

Lakini ustadi pasipo kitambulisho haufiki mbali: hapana laini ya simu, hapana M-Pesa, na ujira hauna pa kuingilia. Vijana wengi wa Kaskazini Mashariki wamecheleweshwa na uchunguzi wa ziada wa uraia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuufuta. Tangazo ni neno. Kadi mkononi ndiyo kazi. Nyaya zi tayari, na vijana wa tayari.