Dola 100 kwa kila kura: fedha za kampeni za Marekani zinanunua nini?

Uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024, wa rais na wa Bunge kwa pamoja, uligharimu takriban dola bilioni 15.9. Hayo ni makadirio ya OpenSecrets, shirika linalofuatilia fedha za siasa nchini humo. Waliopiga kura walikuwa kama milioni 155. Ukigawanya, kila kura iliyohesabiwa iligharimu dola 100 na ushei.

Fedha zote hizo zilibadili msimamo wa watu wangapi? Tafiti za miaka 80 zinajibu kwa sauti inayokaribiana: wachache sana. Mpigakura wa Marekani mara nyingi huwa amekwisha kuamua kabla tangazo la kwanza la kampeni halijamfikia.

Msimamo huanzia nyumbani

Mwaka 1940, Franklin Roosevelt aliposhindana na Wendell Willkie, mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake walifuatilia watu wapatao 600 katika kaunti ya Erie, jimbo la Ohio. Waliwahoji mara kwa mara kuanzia Mei hadi Novemba, wakitarajia kuona redio na magazeti yakiwageuza watu. Walichokuta ni kwamba takriban nusu yao walishajua Mei watakayemchagua, na hawakubadilika. Waliohama kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine walikuwa kama asilimia 8 tu. Mazungumzo na ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko redio.

Miaka 20 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kitabu kilichokuja kuwa msingi wa fani hii, The American Voter. Hoja yao kuu ni kwamba Mmarekani hurithi chama kutoka kwa wazazi, kama anavyorithi dini, kisha hupima habari, sera na wagombea kwa kutumia chama hicho.

Takwimu za karibuni zinaonyesha kuwa mshiko huo wa chama umekaza zaidi. Mwaka 2024, zaidi ya wafuasi 9 kati ya 10 wa kila chama walimpigia mgombea wa chama chao. Wakristo weupe wa makanisa ya kiinjili walimpa Donald Trump wa Republican kura 8 hivi kati ya 10, na wapigakura weusi walimpa Kamala Harris wa Democratic kiasi kama hicho au zaidi. Mwaka 1984, katika wilaya za ubunge takriban 190 kati ya 435, wapigakura walichagua rais wa chama kimoja na mbunge wa chama kingine. Mwaka 2024 wilaya za namna hiyo zilikuwa 16.

Chama kimefika hadi kwenye posa. Mwaka 1960, Wamarekani waliosema wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama pinzani hawakuzidi 5 katika kila 100. Mwaka 2010 walikuwa takriban nusu ya wafuasi wa Republican na theluthi moja ya wafuasi wa Democratic.

Hata hivyo watu hubadilika, na kinachowabadilisha mara nyingi ni maisha yenyewe. Kati ya mwanzo wa 2021 na mwisho wa 2024, bei za bidhaa na huduma Marekani zilipanda kwa kama asilimia 20. Mnunuzi aliona tofauti hiyo kila alipofika dukani au kituo cha mafuta, bila kuhitaji kuelezwa na mwanasiasa. Mwaka huo wa 2024, kaunti ya Starr, Texas, ambako karibu wakazi wote wana asili ya Amerika ya Kilatini, ilimchagua mgombea wa Republican kwa mara ya kwanza tangu 1892.

Tangazo husahaulika, jirani hukumbukwa

Sehemu kubwa ya fedha za kampeni huishia kwenye matangazo. Mwaka 2024, kampuni ya AdImpact iliyakadiria kuwa yamefikia karibu dola bilioni 11. Yana nguvu kiasi gani? Mwaka 2006 huko Texas, watafiti walishirikiana na kampeni ya Gavana Rick Perry kurusha matangazo ya takriban dola milioni 2 huku maeneo yakipangwa kwa bahati nasibu. Matangazo yalimpandisha kwenye kura za maoni, lakini baada ya wiki moja hivi athari ilikuwa imeyeyuka.

Mwaka 2018, Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 yaliyopima kama barua, simu na ziara za nyumbani huwashawishi wapigakura kubadili mgombea katika uchaguzi mkuu. Wastani waliopata ulikuwa sifuri.

Bilionea Michael Bloomberg alilipia somo hilo kwa fedha zake. Alitumia zaidi ya dola bilioni 1 kutafuta tiketi ya urais ya Democratic ya 2020. Siku ya Super Tuesday, Machi 3, majimbo mengi yalipopiga kura za mchujo kwa pamoja, eneo pekee aliloongoza lilikuwa American Samoa, na kesho yake akajitoa.

Kinachofanya kazi ni kumtoa nyumbani mtu aliyekwisha kuamua. Katika uchaguzi wa mchujo wa 2006 jimboni Michigan, baadhi ya kaya zilitumiwa barua moja tu, iliyoonyesha nani katika mtaa wao alipiga kura zilizopita na nani hakupiga. Miongoni mwa ambao hawakutumiwa chochote, waliopiga kura walikuwa asilimia 29.7. Miongoni mwa waliopata barua hiyo walikuwa asilimia 37.8. Karatasi na stempu vilifanya kile ambacho mamilioni ya televisheni hayawezi.

Kwa nini basi fedha zinamwagwa?

Kwa sababu ushindi unapatikana kwa kura kiduchu. Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu: anahitaji 270 kati ya 538, na karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Mwaka 2016 Trump aliyachukua Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ya jumla ya kura 77,744. Mwaka 2020, kura 42,918 za Arizona, Georgia na Wisconsin zilimtenga Joe Biden na sare. Mwaka 2024, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania ziliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 230,000 kwa pamoja, yaani asilimia 0.15 ya kura zote za nchi.

Kwa hesabu hiyo, vyama vinavuta kamba: pande zote zikivuta sawa kamba haisogei, ila atakayeachia kwanza anaanguka. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2010, kambi zinazojitegemea hutumia bila kikomo. Raia wa kawaida aliruhusiwa kumpa mgombea dola 3,300 kwa kila uchaguzi mwaka 2024, wakati bilionea Elon Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kupitia kambi hizo. Huo ni upotofu. Hata kama fedha hizo hazigeuzi wapigakura wengi, zinamfanya mwanasiasa amsikilize mtoaji kabla ya mpigakura.

Namba nzito kuliko zote haipo kwenye hesabu za kampeni. Wamarekani karibu milioni 90 waliokuwa na haki ya kupiga kura 2024 hawakupiga, ilhali Trump alishinda kwa kupata kura milioni 77.

Miongoni mwa raia wapya wa nchi hiyo wamo wazungumzaji wa Kiswahili, wakiwamo maelfu waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo. Kwao ushauri wa takwimu hizi ni mwepesi na hauna gharama: jiandikisheni, pigeni kura, na mgongeeni jirani mlango mwende pamoja.