MAFUTA YA BREKI SI MAFUTA TU

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na nusura abiria 14 walipie ujinga wangu.

Kila Jumamosi mimi humsaidia mjomba wangu katika gereji yake ya jua kali. Siku moja dereva wa matatu alikuja akitaka kuongezewe mafuta ya breki. Mjomba alikuwa amelala chini ya gari lingine. Akanipigia kelele, "Wewe, hebu muongezee!" Mimi nikachukua mkebe uliokuwa karibu, nikamimina. Kumbe ulikuwa wa oili ya injini! Kwangu, mafuta yalikuwa mafuta tu.

Kabla sijaeleza yaliyonipata, tuone jinsi breki inavyofanya kazi. Dereva akikanyaga pedeli, pistoni ndogo husukuma mafuta yaliyomo ndani ya paipu nyembamba hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei kama hewa, kwa hivyo mgandamizo hufika kote ukiwa sawa. Kanuni hii ni ya Mfaransa Blaise Pascal (1623-1662), nasi tuliisoma katika Fizikia ya Kidato cha Kwanza. Tuseme pistoni ya kwanza ina sentimita mraba 2 na inasukumwa kwa nyutoni 200. Kila sentimita mraba itapata nyutoni 100. Basi pistoni ya gurudumu yenye sentimita mraba 10 itasukuma kwa nyutoni 1,000. Nguvu hiyo ndiyo inayobana pedi kwenye diski, gari likasimama.

Sasa, hewa ikiingia ndani ya paipu, pedeli huzama kama mguu kwenye matope, kwa sababu hewa hubonyea. Ndiyo maana mafundi hublidi breki, yaani hutoa hewa yote.

Mafuta haya pia hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu kama ule wa kuelekea Mai Mahiu, dereva anayekanyaga breki bila kutumia gia nzito huzichoma. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke nao hubonyea kama hewa. Hapo tena ni kumwomba Mungu.

Je, oili ya injini ina ubaya gani? Huvimbisha raba zinazozuia mafuta yasivuje. Raba zikiharibika, breki zinaweza kukwama au kukosa kushika kabisa.

Bahati nzuri, mjomba aliuona ule mkebe mkononi mwangu, akamnyang'anya dereva ufunguo papo hapo. Tulifungua kila kitu, tukasafisha paipu na kubadilisha raba zote. Tulipofika gurudumu la nyuma, tulikuta linavuja. Kumbe mafuta hayakuwa yamepungua bure! Hata kama ningemimina yale ya kufaa, ningekuwa nimeficha ugonjwa tu.

Dereva alipoteza kazi ya siku nzima, akanitusi nami nikanyamaza. Mjomba aligharamia raba, nami nikafanya kazi likizo nzima bila hata shilingi.

Wenzangu, mkipanda matatu mkamwona dereva anapampu pedeli mara tatu nne ndipo isimame, msione haya. Shukeni. Heri kuchelewa gwaride kuliko kutofika kabisa.