Kipaji Kabla ya Darasa la Saba

Katika mfumo wa elimu ya serikali nchini Tanzania, neno kipaji limepewa maana ya kiutawala iliyo finyu kuliko maana yake ya kila siku, kwa kuwa mwenye kipaji huhesabiwa kuwa ni yule ambaye alama zake za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi zimemwezesha kuchaguliwa kujiunga na mojawapo ya shule za sekondari za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Shule hizo zimelea wataalamu wengi na zinastahili heshima yake. Lakini hakuna hata moja iliyoko Lindi wala Mtwara, na mtoto wa Mtama, mkoani Lindi, anayepangiwa Tabora husafiri zaidi ya kilomita 1,000 ili apate malezi ambayo angestahili kuanza kuyapata akiwa darasa la tatu, kwenye shule ya kijijini kwake.

Mtihani wenyewe, unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hupima kwa sehemu kubwa kile ambacho mtoto amefundishwa, na maswali mengi ni ya kuchagua jibu sahihi na kusiliba herufi yake. Mtoto ambaye shule yake ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hisabati, au ambaye kila msimu wa korosho alikosa masomo kwa sababu ya kuokota shambani, anaingia katika chumba cha mtihani akiwa na akili ileile aliyozaliwa nayo lakini na mafunzo pungufu, na karatasi haina namna ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Dalili za kipaji huonekana mapema zaidi, na mara nyingi huonekana mahali ambapo hazitarajiwi. Mwalimu akiandika ubaoni 79 mara 6, wanafunzi wengi hupanga tarakimu, huzidisha na kubeba. Mmoja hutazama juu kidogo kisha huandika 474 peke yake, kwa kuwa ameona kwamba 79 inakaribia 80, akapata 480 na kutoa 6. Daftari lake halina njia, na kwa desturi ya kusahihisha iliyozoeleka anaweza kunyimwa alama au hata kushukiwa kuwa amenakili kwa jirani, ilhali ni yeye pekee aliyeelewa nambari zenyewe. Watoto wa aina hii hawafanani na yule ambaye wanafunzi humwita kipanga, anayenyoosha mkono kila mara na kuongoza darasa. Wengine ni wakimya, wengine wasumbufu kwa sababu somo limewachosha, na wengine wanazungumza Kimwera au Kimakonde nyumbani na bado wanatafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza wanachokijua.

Wataalamu wamejifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1921, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza huko California uchunguzi wa watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa kwa kipimo cha akili, lakini William Shockley na Luis Alvarez, waliopimwa wakaachwa, ndio waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Joseph Renzulli alipendekeza mwaka 1978 kwamba kipaji kitazamwe kama makutano ya mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kung'ang'ania kazi mpaka ikamilike. Huko Florida, wilaya moja kubwa ya shule ilipoacha kutegemea mapendekezo ya walimu na wazazi pekee, ikawapima watoto wote wa darasa la pili, idadi ya watoto wa familia maskini waliotambuliwa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewatazama.

Mkoa wa Lindi wenyewe una ushahidi wa zamani zaidi. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipofukua mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, kazi ya kusimamia wafukuaji na kuitayarisha mifupa iliyo dhaifu iliongozwa na Boheti bin Amrani, ambaye jicho na mkono wake vilitegemewa na wanasayansi waliotoka vyuo vikuu vya Ulaya. Kiunzi cha dinosaria kinachosimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13 kimetokana na kazi hiyo, na mwaka 2007 aina nyingine ya dinosaria wa Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kipaji chake kilionekana kwa sababu alipewa kazi ngumu na akatazamwa akiifanya.

Njia ya kuwatazama watoto wote tayari ipo, ila hutumika zaidi michezoni. Katika mashindano ya UMITASHUMTA, ambayo jina lake linataja michezo na taaluma pamoja, mkimbiaji wa shule ya msingi hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Mtoto wa hisabati anastahili ngazi hiyohiyo, kuanzia kwenye kata, na kwa Kiswahili, lugha anayofundishiwa kabla hajakutana na Kiingereza cha kidato cha kwanza. Kumrusha darasa hufaa kwa wachache, lakini huweza kumtenga na wenzake wa rika lake na kumwachia mapengo. Linalowezekana katika kila shule, hata darasa likiwa na watoto wengi na mwalimu mmoja, ni kumwongezea kina mtoto huyo: mwalimu amwite aliyeandika 474, amwombe aeleze njia yake mbele ya wenzake, kisha amwandikie pembeni ya ubao 98 mara 25, na amwache.